Roho ya Mtu Haitundikwi Kwenye Kamba ya Nanga

Mgeni aingiaye Mwanza, awe ametoka Shinyanga kwa gari au Nansio kwa meli, hupokewa na mawe kabla ya kupokewa na watu. Jiwe la Bismarck limesimama majini kama mlinzi wa bandari. Vilima vya Igogo, Mabatini na Isamilo vimebeba nyumba na majabali bega kwa bega, hata mwenye nyumba hajui kama jiwe ni jirani yake au yeye ndiye jirani wa jiwe. Ng'ambo ya maji hali ni hiyo hiyo, kuanzia Saanane hadi Ukerewe na Ukara. Haya ni mawe magumu ya matale, ambayo wataalamu wa miamba huyahesabia umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Yalikuwepo kabla ya ziwa, na bila shaka yatakuwepo sisi tukiisha kupita.

Si ajabu, basi, kwamba watoto wa mji huu na wa visiwani hujifunza kuparamia mawe karibu sawa na wanavyojifunza kutembea. Lakini ulimwenguni kuparamia huko kumekwisha kuwa mchezo wenye kanuni, mashindano na biashara. Mchezo wa kukwea uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na ukachezwa tena mjini Paris mwaka 2024. Wapo watu wanaosafiri kutoka bara moja hadi jingine kwa ajili ya kugusa jiwe zuri tu. Mkoa wenye mawe kama yetu hauna budi kujiuliza mapema: mchezo huu ukipiga hodi hapa kwetu, tutaupokea kwa zana gani?

Tunauliza habari ya zana kwa makusudi. Upo msemo uliozoeleka sana nchini, kwamba ajali haina kinga. Msemo huo ni mwema katika kuwafariji wafiwa, lakini ukifanywa kuwa kanuni ya kazi huua. Sisi wa ziwa hili tunalijua hilo kuliko wengi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, huko Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Kivuko hicho kilijengwa kuchukua watu wapatao 100. Kinga ya msiba huo ilikuwepo: ilikuwa ni kuhesabu watu na kukataa wa ziada. Kinga iliyopo isipotumiwa, tusiisingizie bahati.

Mtu wa kisiwani haulizi ni chombo gani kilicho bora kuliko vyote. Huuliza kwanza anakwenda wapi, na upepo ukoje, na anachukua mzigo gani. Mtumbwi wa kasia unaotosha kutega nyavu mbele ya kijiji hautoshi kuvuka kwenda Mwanza, na meli kubwa haiwezi kuingia katika kila ghuba. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala zana za kukwea. Kila aina ya ukweaji ina hatari yake, na zana huchaguliwa kwa kuitazama hatari hiyo. Tunaomba ndugu zetu wa visiwani, na viongozi wa serikali wenye dhamana ya utalii, michezo na uokoaji, watuvumilie tuzipitie aina hizo moja baada ya nyingine.

MAWE MAFUPI

Aina ya kwanza, na iliyo karibu nasi zaidi, ni kukwea mawe mafupi bila kamba. Mkweaji hupanda jiwe lenye kimo cha mita tatu au nne, akitafuta njia ngumu kuliko ile iliyo rahisi. Hatari yake ni kuanguka chini moja kwa moja, kwa hiyo zana zake zote zinahusu kushika vizuri na kuanguka vizuri.

Zana hizo ni chache. Viatu vinavyobana mguu, vyenye soli laini ya mpira unaong'ang'ania jiwe, ndivyo vinavyofaa. Kandambili hazifai kabisa, na katambuga za tairi, ingawa ni imara barabarani, hazina hisia ya jiwe. Raba nyepesi yaweza kumsaidia anayeanza. Viganja hupakwa unga mweupe wa magneziamu ili jasho lisiteleze. Desturi hiyo ililetwa kutoka mazoezi ya viungo katika miaka ya 1950 na Mmarekani John Gill. Kisha kuna godoro la kuangukia, na hapa panahitaji maelezo.

Godoro la kitandani halifai kazi hii. Sponji yake ni laini mno, na mtu akiliangukia kwa kishindo, kisigino huipasua njia hadi chini kama kwamba hakukuwa na kitu. Godoro la wakweaji lina tabaka mbili au zaidi: juu huwekwa sponji ngumu inayotawanya kishindo, na chini sponji laini inayokimeza. Unene wake ni kiasi cha sentimita 10, na gamba lake ni turubai gumu. Tunaamini kwamba mafundi wetu wa masofa, wakipewa kielelezo cha kweli na sponji za aina mbili, wanaweza kuishona zana hii hapa hapa Mwanza, na kazi hiyo ikawapa riziki. Hata hivyo godoro halitoshi bila mtu. Mwenzake mkweaji husimama chini, mikono juu, amwongoze aangukie miguu wala asiangukie kichwa au mgongo. Na kabla ya yote, uwanja wa chini huchunguzwa: vipande vya chupa, mizizi, na jiwe dogo lililojificha kwenye nyasi vimevunja vifundo vingi vya miguu.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo mkoa wetu unapopaswa kuanzia. Gharama ni ndogo, mawe tunayo milangoni, na kosa la mkweaji mara nyingi humpa maumivu ya kifundo kuliko kumpa jeneza.

KAMBA IKIINGIA

Jiwe likizidi kimo ambacho mtu aweza kuruka salama, kamba haina budi kuingia, na kamba huingia pamoja na jamaa zake. Njia iliyo salama zaidi ni ile ya kamba kutoka juu. Kamba hupitishwa kwenye nanga iliyofungwa kileleni. Ncha moja humshika mkweaji, na nyingine hushikwa na mwenzake aliye chini, ambaye huikaza kila hatua. Mkweaji akiteleza, hushuka kidogo tu.

Kwa kazi hiyo zinatakiwa zana tano pamoja na kamba. Ya kwanza ni mkanda unaozunguka kiuno na mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake hauruhusiwi, kwa sababu anayening'inia kwao hubanwa mbavu hadi pumzi ikakata. Ya pili ni karabina, yaani pete ya chuma au aluminiamu yenye mlango wa kufunga. Karabina ya kweli ina maandishi mwilini mwake, na kwa kiwango cha Ulaya hustahimili angalau kilonyutoni 20 ikivutwa kwa urefu, ambazo ni sawa na uzito wa tani 2 hivi. Ikivutwa kwa ubavu, nguvu hiyo hushuka hadi kiasi cha kilonyutoni 7, kwa hiyo hata pete iliyo nzuri yaweza kuvunjika ikikaa vibaya. Zile pete za rangi rangi zinazouzwa za kutundikia funguo ni mapambo, zisikaribie mwamba.

Ya tatu ni breki, kifaa kidogo cha chuma kinachoikunja kamba ili mshikaji aweze kuizuia bila kuunguza viganja. Ya nne ni kofia ngumu ya kukwelea. Kofia ya ujenzi hulinda kichwa cha fundi, lakini ukanda wake wa kidevuni hutengenezwa uachie upesi ili usimnyonge mtu akinaswa. Mkweaji anahitaji kofia isiyomtoka wakati wa kuanguka. Ya tano ni nanga ya juu, nayo haiwi moja kamwe. Huwa mbili au zaidi, kila moja ikijitegemea, ili ya kwanza ikiondoka ya pili ibaki. Mti mdogo uliochipua katika ufa wa jiwe si nanga, hata uwe umekaa hapo miaka mingi. Na kwa kuwa kingo za matale hukata kama msasa, kamba hutandikiwa kipande cha zulia au turubai mahali inapopita.

Njia ya pili ya kamba ni ya kutangulia. Hapa mkweaji hupanda na kamba yake kutoka chini, akiipitisha katika bolti zilizochimbiwa kwenye mwamba. Akiteleza akiwa mita mbili juu ya bolti yake ya mwisho, huanguka mita nne na zaidi kabla kamba haijamkamata. Njia ya tatu hufanana na hiyo, ila hakuna bolti: mkweaji huchomeka kabari za chuma ndani ya nyufa, na anayefuata huzichomoa. Ndivyo wakweaji wafanyavyo katika njia nyingi za Mlima Kenya na kwenye magenge ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mbiu yake ni kwamba mwamba huachwa kama ulivyokutwa. Lakini kabari ni elimu ya miaka. Matale ya kwetu hubanduka maganda, na ganda la jiwe likigongwa hutoa mlio wa utupu kama mtungi. Anayechomeka kabari nyuma ya ganda hilo anajitengenezea jiwe la kumwangukia mwenyewe. Njia hizi mbili ziachiwe waliofundishwa, tena kwa muda mrefu.

KAMBA YA ZIWANI NA KAMBA YA MWAMBA

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Katika mji wa wavuvi kamba haiadimiki. Iko sokoni, iko mwaloni, iko katika kila boti. Kwa hiyo kishawishi ni kikubwa: kijana anayetaka kuwapandisha wageni juu ya jiwe atatazama kamba ya nanga, ataipima kwa mkono, atakumbuka jinsi ilivyoshika boti ya tani kadhaa usiku wa dhoruba, naye atajiambia kwamba iliyoshika boti haiwezi kushindwa na mtu mmoja. Hesabu hiyo inaonekana ya haki, na ndiyo inayoua.

Boti huvuta kamba taratibu. Mtu anayeanguka huipiga kwa ghafla. Kamba ya kukwea imetengenezwa mahsusi ivutike, imeze kishindo kidogo kidogo, na kumsimamisha mtu kama aliyekamatwa na mikono. Kiwango cha kimataifa cha kamba moja ya namna hiyo hutaka iangushiwe uzito wa kilo 80 katika maporomoko makali angalau mara tano bila kukatika, na katika poromoko la kwanza nguvu inayofika kwa mkweaji isizidi kilonyutoni 12. Kamba isiyovutika haina mahali pa kuupeleka ukali huo. Huupeleka mgongoni mwa mtu, au kwenye nanga, na kimojawapo hukubali kushindwa. Wapo waokoaji wanaotumia kamba ngumu isiyovutika sana, lakini hao huitumia kwa kushuka na kuteremsha majeruhi, si kwa kutangulia juu ya mwamba.

Liko jaribio moja ambalo kila mvuvi aweza kulifanya bila kitabu. Aitupe kamba majini. Ikielea, ni ya plastiki ya jamii ya polithini au polipropilini, na kamwe isibebe roho ya mtu mwambani. Kuelea kwake ndiko kunakoifanya ipendwe ziwani, kwani haizami ikanaswa na injini. Lakini plastiki hiyo huyeyuka kwa joto la nyuzi 130 hadi 165 tu za Selsiasi, na kamba inayosuguana na kamba nyingine chini ya uzito wa mtu huzaa joto jingi kwa dakika chache. Nailoni huyeyuka juu ya nyuzi 210. Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kamba inayozama inafaa. Kuzama ni dalili ya nyuzi zake tu. Haituelezi imesukwaje, wala ina umri gani, wala imeteseka kiasi gani.

Tena lipo jambo linalowahusu hasa wanaovuka maji. Kamba ya kukwea inayosafirishwa kwenda Ukerewe au Ukara huweza kutupwa sakafuni mwa boti, karibu na betri. Maji ya betri, hata mvuke wake, huila nailoni. Kamba iliyoguswa na asidi yaweza kuonekana nzima, rangi yake ile ile, kisha ikakatika kama uzi siku ya kwanza ya kazi. Kamba na isafiri ndani ya mfuko wake, mbali na betri, na isianikwe juani siku kutwa, maana jua letu nalo huila.

MILIMA MIREFU

Yapo pia makwea ya milima mirefu, ambayo Watanzania wengi huyafahamu kwa jina la Kilimanjaro. Ajabu ni kwamba mlima huo wenye mita 5,895, ulio mrefu kupita yote Afrika, hupandwa na watu wengi bila kamba hata moja. Njia zake za kawaida ni za kutembea. Adui wa pale ni baridi, mvua na upungufu wa hewa, kwa hiyo zana zake ni viatu vya buti visivyopitisha maji, nguo za tabaka tabaka, mfuko mzito wa kulalia na taa ya kichwani. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 walilazimika kuchonga ngazi katika barafu. Kati ya mwaka 1912 na 2007 takribani asilimia 85 ya barafu hiyo ilitoweka, na wapandaji wa njia za kawaida hawahitaji tena shoka la barafu.

Kilimanjaro imetupa fundisho jingine, nalo linahusu wafanyakazi. Kwa miaka mingi mgeni alivaa koti zito huku mpagazi aliyembebea mizigo akitetemeka kwa nguo nyepesi. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, ulioanza Moshi mwaka 2003, huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo, na kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Fundisho lenyewe ni kwamba zana za mgeni zisihesabiwe kamili mpaka zana za mwenyeji nazo zimekamilika. Kijana wa Mwanza atakayemshikia mgeni kamba anastahili kofia ngumu ile ile.

Wapo watakaotuambia kwamba ujasiri hushinda zana, nao watatutajia kisa cha Mlima Kenya. Kisa hicho ni cha kweli. Mwezi wa Januari 1943, Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Enzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki kwa nia ya kuupanda mlima tu. Walikuwa wamejitengenezea zana kwa siri. Nyundo ziligeuzwa kuwa mashoka ya barafu, meno ya chuma ya viatuni yakafuliwa kwa vyuma chakavu vya gari na senyenge, na kamba zikatokana na katani iliyokuwa imesukwa kwenye vitanda vyao. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, chenye mita 4,985. Walipojaribu Batian, kilele kikuu chenye miamba na barafu, walishindwa. Baada ya siku 18 walirudi kambini kwa hiari yao.

Sisi tunawastahi watu hao, lakini tunaomba kisa chao kisomwe chote. Walitumia katani kwa sababu walikuwa wafungwa na hawakuwa na kitu kingine, na mwamba mkubwa ukawarudisha nyuma. Aliye huru, mwenye duka na bandari na barua ya kuagizia, hana udhuru wa mfungwa.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Tunajua jibu litakalofuata: zana hizi ni ghali. Ni kweli, na kwa hiyo ni vyema kujua nini chaweza kununuliwa kimetumika na nini hakiwezi. Viatu vya mitumba vyaweza kufaa, kwani soli iliyochoka huonekana kwa macho. Mfuko wa unga na gamba la godoro navyo vyaweza kufaa. Lakini kamba, mkanda na kofia ngumu ambavyo historia yake haijulikani visinunuliwe hata kwa bei ya bure. Madhara yake mara nyingi yamo ndani, na muuzaji mwenyewe huenda hayajui.

Mnunuzi atazame alama. Shirikisho la kimataifa la vyama vya upandaji milima, UIAA, lililoundwa mwaka 1932, lilianza kuweka viwango vya usalama wa zana tangu mwaka 1960, na alama yake huonekana kwenye kamba, karabina na kofia pamoja na alama ya Ulaya ya CE. Alama hufuatana na karatasi ya mtengenezaji yenye tarehe. Asitosheke na alama peke yake, kwa maana chapa hugushiwa. Kamba nayo ina umri. Watengenezaji kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 10 hata kama haikutumika, na inayotumika kila juma huchoka mapema zaidi. Ikipata poromoko kubwa, ikikatwa gamba, au ikibonyea mahali kama utumbo ulio mtupu, basi imestaafu. Kamba iliyostaafu na ikatwe vipande vifupi siku hiyo hiyo, isije ikarudi kazini kwa jina la kuokoa gharama.

YALIYO WAJIBU WA SERIKALI

Tumalize kwa kuwaelekea viongozi wetu. Kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko dakika chache tu kutoka katikati ya mji na kina mawe ya kila umbo. Hapo pangefaa kuwa mahali pa kuanzia, chini ya macho ya askari wa hifadhi, kwa mchezo wa mawe mafupi. Lakini kabla ya mtu yeyote kuwatoza wageni pesa kwa kuwakweza kwa kamba, mahali popote mkoani, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kamba ya biashara iwe na daftari lake: tarehe ya kutengenezwa, siku ya kwanza ya kazi, na kila poromoko iliyolipata. Chombo cha abiria hukaguliwa kwa sheria. Kamba nayo hubeba abiria. Pili, Shirika la Viwango litoe mwongozo kwa Kiswahili juu ya zana hizi, ili afisa wa kata asiye mkweaji aweze kutambua karabina ya kweli na ya mapambo. Tatu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la mkoa lipewe mafunzo ya kamba na machela ya miambani. Ujuzi huo hautawafaa wakweaji peke yao. Vilimani kwetu watu wanaishi chini ya majabali na juu yake, na siku moja utawahitaji hata wasiojua kwamba mchezo huu upo.

Nne, asichimbe mtu bolti kwenye jiwe lolote kabla ya kuwauliza wenyewe. Bolti ikiingia haitoki bila kuacha jeraha. Yako mawe yenye heshima zake, kama lile jiwe linalocheza la Ukara, na yako majiwe ambayo wazee wanajua sababu ya kutokanyagwa. Serikali ya kijiji ndiyo ianze kusikilizwa, na kibali kifuate. Hali kadhalika wageni waelezwe yale ambayo mwenyeji hahitaji kuelezwa: kwamba nyufa zina nyuki na nyoka, kwamba jiwe lenye ukungu baada ya mvua ni utelezi mtupu, na kwamba radi za ziwa hili hazina mzaha. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtu ashuke.

Hatutaki mtu adhani kwamba tunawatisha vijana. Mwili uliokakamaa kwa kasia na kokoro ni mwili wa mkweaji tayari, na jicho lililozoea kusoma upepo litajifunza upesi kusoma jiwe. Mvuvi wetu hafunzwi mafundo. Yeye ndiye angeweza kuwafunza wengi. Tunachotaka ni kwamba ustadi huo uwekewe zana inayolingana nao. Waanze chini, kwa viatu, unga, godoro na mikono ya wenzao. Kamba ije baadaye, ikiwa na karatasi yake, daftari lake na mwalimu wake.

Na ile kamba ya nanga ibaki botini kwake. Kazi yake ni nzito na ya heshima, na tangu hapo hatujasikia kwamba inadai nyingine.